Mchezo wa kaseti mbili

SWALI: Nimeachiwa na mjomba kompyuta ya zamani ya ZX Spectrum, inayosoma michezo kutoka kwenye kaseti, na mchezo wa Deus Ex Machina. Kioo kinaandika "R Tape loading error", na mchezo ukikubali kufunguka, sauti zinachelewa nyuma ya picha. Shida ni nini? – Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Hongera, hiyo ni hazina. Mchezo huo wa Mel Croucher ulitoka mwaka 1984. Kaseti moja ina programu, ya pili ina muziki na sauti za waigizaji, akiwemo Jon Pertwee. Unamlea kiumbe tangu mimba hadi uzee, na wakati huo ni michezo michache iliyothubutu hivyo.

Kosa la R ni kwamba kompyuta haikusoma kaseti vizuri. Safisha hedi (sehemu inayosoma kaseti) ya redio-kaseti kwa pamba na spiriti, chomoa waya wa MIC (wa kurekodia), uache wa EAR (wa kupakia mchezo) tu. Sauti iweke robo tatu. Ikigoma, zungusha kidogokidogo skrubu iliyo kando ya hedi huku kaseti ikilia, mpaka mlio uwe mkali kabisa.

Kuchelewa ni jambo jingine. Kompyuta haiisikilizi kaseti ya sauti hata kidogo. Mnaanzisha vyote pamoja, kisha kila kimoja kinakwenda kivyake. Mkanda wa mpira wa redio ukilegea, sauti inaburuta. Fundi wa redio atakubadilishia. Na adapta ya kompyuta usikisie: ni volti 9, hasi iko katikati ya plagi. Ukigeuza unaiunguza.