Dawa ya Miguu na Maumivu ya Kichwa

SUALI: Assalamu alaykum, dakta. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete, nina umri wa miaka 41. Kipandauso ninacho tangu usichana wangu: hunishika upande mmoja wa kichwa, nikachukia mwanga na kutapika. Mwaka juzi yakazuka mengine. Kila nikilala, au nikikaa chini kwenye hitima, miguu hunitambaa ndani kwa ndani kana kwamba imeingia sisimizi, na sipati raha mpaka niinuke nitembee. Niliandikiwa pramipeksoli, na miguu ikatulia, lakini kichwa kimezidi, na sasa karibu kila asubuhi nameza vidonge viwili vya parasetamoli ndipo niweze kuingia darasani. Kichefuchefu kikinijia natumia metoklopramidi. Jirani ananishauri niiache dawa ya miguu. Nifanyeje?

JAWABU: Waalaykumu ssalaam, mwalimu. Kwanza nakuomba usiiache ghafla. Dawa za jamii hiyo zikikatwa kwa siku moja, miguu huweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na wengine hushikwa na wasiwasi na majasho. Hupunguzwa kidogo kidogo, chini ya uangalizi wa daktari aliyeziandika.

Hata hivyo, jirani hakukosea kuishuku, kwa sababu maumivu ya kichwa yamo katika madhara yanayojulikana ya pramipeksoli na ya ndugu yake ropiniroli. Lakini mimi kilichonishtua zaidi katika barua yako ni yale maneno "karibu kila asubuhi". Mwenye kipandauso akimeza parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi katika mwezi, na hali hiyo ikapita miezi 3, dawa yenyewe huweza kuanza kuzaa maumivu. Kwa dawa zenye kodeini, au za maumivu zilizochanganywa na kafeini, mpaka ni siku 10 tu. Zinazohesabiwa hapa ni siku, si vidonge. Kichwa huamka nawe alfajiri, kidonge hukituliza hadi adhuhuri, na kesho yake kinakudai tena.

Kwa hiyo chukua kalenda ya ukutani na kalamu. Siku ya kichwa andika K, siku uliyomeza dawa ya maumivu andika D, usiku wa miguu andika M, na pembeni andika tarehe uliyoanza pramipeksoli na kila mara ilipoongezwa. Baada ya wiki 4 daktari ataona kwa macho kichwa kinafuata dawa ipi. Ikiwa ni zile D, itabidi uzipunguze, na siku za mwanzo kichwa kitauma zaidi kabla ya kutulia, basi panga jambo hilo wakati wa likizo ya skuli.

La metoklopramidi nalisema kwa msisitizo, kwa kuwa wengi hawaambiwi. Dawa hiyo huzuia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe katika ubongo, na pramipeksoli kazi yake ni kuiga dopamini hiyo hiyo. Asubuhi unaufunga mlango ulioufungua usiku. Muulize daktari kuhusu domperidoni, ambayo haiingii ubongoni kwa urahisi, na umweleze kama una maradhi ya moyo. Amitriptilini, inayotolewa sana kuzuia kipandauso, nayo huweza kuichokoza miguu, na vivyo hivyo prometazini na klorofeniramini zinazouzwa madukani kwa mafua. Nimewaona watu waliozunguka uani mpaka adhana ya alfajiri kwa sababu ya kidonge kimoja cha mafua. Kwa kinga ya kipandauso, propranololi huenda ikakufaa zaidi, ila si kwa mwenye pumu.

Je, umewahi kupimwa feritini, yaani akiba ya chuma mwilini? Mwanamke anayepata hedhi nyingi huweza kuwa na wingi wa damu wa kawaida huku akiba imekauka, na kwa ugonjwa huu wa miguu tiba ya chuma hufikiriwa hata feritini ikiwa nanogramu 75 kwa mililita moja ya damu au chini yake. Usimeze chuma bila kipimo. Ukiandikiwa, kinywe kwa maji ya chungwa au ndimu, na chai uisogeze mbali, isiwe pamoja na kidonge.

Huenda pia dawa ya miguu ikabadilishwa. Mwongozo wa madaktari wa usingizi wa Marekani wa mwaka 2025 hauzipi tena dawa za jamii ya pramipeksoli nafasi ya kwanza, maana kwa miaka huweza kuufanya ugonjwa uanze mapema zaidi mchana na kupanda hadi mikononi. Unatanguliza gabapentini na pregabalini, ambazo nazo huleta usingizi na kizunguzungu.

Siku ya kwenda hospitali, tia maboksi yote ya dawa katika mkoba mmoja, hata ya zile ulizonunua mwenyewe, uende nayo pamoja na kalenda. Lakini ukipata maumivu makali ya ghafla usiyowahi kuyapata, au homa na shingo kukakamaa, au mkono na mguu wa upande mmoja kulegea, usingoje wiki 4: nenda saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane.