Jibu: Mkono umevimba baada ya upasuaji wa titi, nami namuuguza mama
Salaam dada. Umeuliza utamgeuzaje mama mwenye kiharusi ilhali mkono wako umevimba tangu ulipoondolewa titi na tezi za kwapani. Mimi nilitibiwa hospitali ya Bugando, Mwanza, kisha nikarudi Kigoma kumuuguza mume wangu. Kwanza tazama ngozi: ikiwa nyekundu au ya moto, au ukiwa na homa, nenda hospitali ya Maweni, hapa Kigoma, siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda ni maambukizi yanayohitaji dawa haraka. Kama sivyo, mtandikie mama shuka lililokunjwa, kuanzia mabegani hadi mapajani, kisha mlivute mkiwa wawili, wewe ukitumia ule mkono usiovimba. Ndoo za maji waachie vijana, hata wakinuna. Usiku laza mkono juu ya mto. Kuhusu dawa za mama, muulize daktari wake.