Zamia na Mjomba: Baridi ya Cape Town

SWALI: Shikamoo Mjomba. Nimezoea kuzamia Pemba, leseni yangu ni ya mwanzo, mwisho mita 18. Julai nina mkutano Cape Town na Jumamosi ni yangu. Nizamie wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Upande wa Atlantiki, Oudekraal na jirani zake, uache. Kule kunapendeza kiangazi chao, upepo wa kusini-mashariki unaposukuma maji ya juu mbali na pwani, ya chini yakapanda masafi na baridi kali, nyuzi 10 hivi. Julai mawimbi hupiga huko bila huruma.

Wewe nenda False Bay, pale Simon's Town, kama kilomita 40 kusini. Mahali paitwapo A-Frame unaingia kwa miguu yako, na ndani ni msitu wa mwani mrefu kama minazi. Huo Pemba huna! Meli zilizozamishwa Smitswinkel Bay zitakutamanisha, ila ziko zaidi ya mita 30. Si zako bado.

Maji yatakuwa nyuzi 13 hadi 15. Kodi suti ya milimita 7, kofia yake, glavu na viatu. Suti nene huelea, kwa hiyo omba vizito vya risasi vya kutosha kiunoni na uvijaribu kwenye kina kifupi kwanza. Hewa utaimaliza upesi kuliko nyumbani. Ukianza kutetemeka, panda. Usimwonee haya mwenzako.

Na ndege ni lini? Ukizamia mara moja, subiri angalau muda wa saa 12 kabla ya kuruka. Mara mbili, saa 18.