Kukataa kusaini wito hakuzuii kesi

SWALI: Wakili msomi, shikamoo. Nipo Morogoro. Nilimdhamini mpwa wangu akapata mkopo wa kununua bodaboda, sasa ameshindwa kulipa. Juzi alikuja mtu akiwa na mwenyekiti wa mtaa, akanipa karatasi za Mahakama ya Wilaya: "wito wa kuleta utetezi" na "hati ya madai". Mimi nimeandikwa "mdaiwa wa 2". Sijawahi kukopa hata senti, kwa hiyo nikakataa kusaini, na wakazibandika mlangoni. Jamaa mmoja anayeandika barua karibu na mahakama anasema nimefanya vizuri, kwamba nisiposaini hakuna kesi. Anataka 50,000 aniandikie barua ya kukanusha. Nimpe?

JIBU: Marahaba. Usimpe. Zibandue hizo karatasi mlangoni uzisome leo, kwa sababu siku zako zimeshaanza kuhesabiwa.

Kusaini wito maana yake umeupokea, basi. Hujakubali deni, hujakubali kosa, hujakubali hata kwamba aliyekushtaki anasema kweli. Hili nalirudia karibu kila mwezi na bado watu wanamkimbia mpeleka wito kama vile ndiye mwenye kesi. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, ililifikiria jambo hili zamani. Ukikataa kusaini, anabandika nakala mlangoni au sehemu inayoonekana ya nyumba unayoishi, anarudi mahakamani na kutoa taarifa ya ilivyokuwa, pamoja na jina la aliyemwonyesha nyumba yako. Unadhani mwenyekiti alifuata nini pale? Hakimu akiridhika, kwake wewe umeshapata wito kama aliyesaini.

Ukishapewa wito wa kuleta utetezi, una siku 21 za kuwasilisha utetezi wa maandishi. Zikikaribia kwisha hujawa tayari, omba kuongezewa muda kabla hazijakwisha, na utoe sababu ya maana. Ukikaa kimya, mdai ataomba aendelee peke yake, na atasikilizwa upande mmoja.

Wengi wanaonifikia wanakuja wakati huo umeshapita. Karatasi waliyoshika si wito tena, ni ya dalali wa mahakama aliyekuja kukazia hukumu, na kwenye orodha yake kuna pikipiki, friji na viti vya sebuleni. Hapo njia iliyobaki ni kuomba hukumu ya upande mmoja itenguliwe. Maombi hayo yana ukomo wa muda, na lazima ueleze kwa nini hukufika. "Niliambiwa nisisaini" haijawahi kumsaidia mtu ninayemjua.

Sasa hiyo barua ya 50,000. Mawakili vishoka, yaani watu wanaojifanya mawakili, wana mtindo mmoja: "nakanusha madai yote, mdai athibitishe". Inasikika kishujaa, lakini kisheria ni dhaifu. Utetezi hujibu hati ya madai aya kwa aya, na jambo usilolikanusha waziwazi linaweza kuhesabiwa umelikubali. Tena barua si utetezi. Ukimwachia karani masjala barua yenye kichwa cha "YAH: KUKANUSHA DENI", shauri linaendelea kana kwamba hukuandika kitu.

Kuhusu wewe mwenyewe, "mdaiwa" ni jina la aliyefunguliwa shauri la madai, awe na deni au hana. Lakini usijifariji kwamba hukukopa. Ulidhamini, na kwa Sheria ya Mikataba dhima ya mdhamini inalingana na ya mkopaji, isipokuwa mkataba unasema vingine. Mkopeshaji halazimiki kumaliza na mpwa wako kwanza. Kwa hiyo utafute mkataba wa dhamana uone ulidhamini kiasi gani, kama masharti ya mkopo yalibadilishwa bila ridhaa yako, na mpwa ameshalipa kiasi gani. Utetezi wako utatoka humo. Ukiishia kumlipia, una haki ya kumdai yeye.

Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, nilitarajia vishoka watakosa kazi. Wamebadili biashara tu. Zamani walijidai kukutafsiria Kiingereza, siku hizi wanakutafsiria Kiswahili chako mwenyewe. Watakwambia siku shauri "linapotajwa" si lazima uende kwa kuwa hakuna ushahidi. Uongo: siku hiyo ndiyo hupangwa tarehe na kutolewa amri, nawe usipokuwepo unakuja kuzisikia zimeshapita. Watakwambia pia wana mtu wao ndani. Hapo ondoka.

Kishoka utamjua kirahisi kwa kumwomba aandike jina na anwani yake chini ya hati aliyoitayarisha. Sheria ya Mawakili inamtaka aliyeandaa hati aonekane juu yake, na wakili wa kweli haoni shida kufanya hivyo. Kishoka atakwambia usaini wewe kama uliyeandika mwenyewe. Jina la wakili unaweza kulitafuta kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama hata kwa simu. Kama fedha ni tatizo, ulizia watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017, ambao huduma yao ni bure. Uwapelekee wito, hati ya madai pamoja na viambatisho vyake vyote, na mkataba wa dhamana, na uwaambie tarehe karatasi zilipobandikwa.