Saa ya Kulala Kwanza, Sikukuu Baadaye

Katika miaka yangu ya kwanza ya malezi niliamini kwamba watoto wangu huwa wasumbufu kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Januari kwa sababu ya baridi na giza tu. Walilia kwa mambo madogo, walisukuma sahani, waligombania kijiko, na mafua yalipomwachia mmoja yalihamia kwa mwenzake. Mwaka mmoja nikaanza kuandika kwenye daftari saa walizolala na saa walizoamka, na baada ya wiki tatu niliona jambo ambalo sikulitarajia: karibu kila siku mbaya ilitanguliwa na usiku mfupi, na usiku mfupi mara nyingi ulitokana na uamuzi wangu au wa baba yao. Tuliwachelewesha kwa sababu wageni walikuwa bado wamekaa, kwa sababu ilikuwa Ijumaa, au kwa sababu tulidhani siku moja haina madhara. Tangu hapo, mzazi mwenye watoto wadogo akiniuliza ajiandae vipi kwa majira ya vuli na sikukuu zake, humwambia alinde kwanza saa ya kulala, kisha mengine yote ayapange kwa kuifuata hiyo.

Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, ukijumlisha na ule wa mchana, na mtoto wa miaka mitatu hadi mitano anahitaji saa 10 hadi 13. Nilipojumlisha saa za binti yangu, aliyekuwa na miaka minne, nilikuta siku nyingi za Desemba hakufikisha hata tisa. Kilichokuwa kikinipotosha ni kwamba mtoto aliyechoka kupita kiasi hasinzii kama mtu mzima. Hukimbia huku na huko, hucheka kwa sauti ya juu, hupanda viti, na mzazi hudhani bado ana nguvu za kucheza. Ukiona uchangamfu wa namna hiyo baada ya jua kutua, usimwongezee muda wa kucheza. Punguza taa, zima televisheni na uanze kumwogesha.

Kwa wanaoishi katika nchi ambazo saa hurudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, hapo ndipo mtihani wa kwanza ulipo. Mtu mzima hufurahia saa moja ya ziada kitandani, lakini mwili wa mtoto haujui kwamba saa ya ukutani imebadilishwa. Mdogo wa binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na mwaka mmoja na nusu na alizoea kuamka saa kumi na mbili asubuhi, alianza kuamka saa kumi na moja alfajiri, akisimama ameshika ukingo wa kitanda chake na kuniita gizani huku akiburuta blanketi kwa mkono mwingine. Ilituchukua zaidi ya wiki moja kumrudisha. Mwaka uliofuata nilianza siku nne kabla, nikachelewesha kwa robo saa kila siku chakula cha jioni, kuoga na kulala, na siku ya mabadiliko ilipofika alikuwa amekwisha kuizoea saa mpya. Asubuhi nilifungua mapazia mapema na kuwatoa nje kabla ya chakula cha mchana, hata kulipokuwa na mawingu, kwa maana mwanga wa asubuhi ndio unaousaidia mwili kujua mchana umeanza na usiku utafika lini.

Kuhusu mafua nitasema machache. Ni kawaida kwa mtoto mdogo kuugua mafua mara sita hadi nane kwa mwaka, na nyingi kati ya hizo huangukia miezi ya baridi, watu wanapokaa pamoja ndani ya nyumba zilizofungwa madirisha. Mafua huletwa na virusi, kwa hiyo antibiotiki hazisaidii. Kijiko cha asali hutuliza kikohozi cha usiku kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja, lakini aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo. Mtoto mchanga wa chini ya miezi mitatu akifikia joto la nyuzi 38, mpeleke hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa sikukuu.

Sikukuu zenyewe ndizo zilizonifundisha kwa uchungu zaidi. Jioni moja tulikuwa nyumbani kwa ndugu, watu wengi, zawadi zimefunguliwa, na saa ya kulala ilikuwa imepita kwa saa mbili. Binti yangu alikuwa ameketi kwenye korido akikunja karatasi ya zawadi mara nne, anaifungua, anaikunja tena, polepole sana, kama mtu aliyejitafutia mahali pa utulivu. Mtu mmoja akaiokota karatasi ile akidhani ni taka. Binti yangu alipiga yowe nyumba nzima ikanyamaza, nami, kwa aibu, nikamkemea mbele ya watu wote. Nilipomchukua hadi chumba cha nyuma ili niendelee kumsema, alilala begani mwangu kabla sijamaliza sentensi, kiatu kimoja kikiwa bado mguuni. Nililia kidogo mle chumbani, kwa sababu nilielewa kwamba nilikuwa nimemwadhibu mtoto kwa kosa la kuchoka.

Siku hizi tunapoalikwa tunamwambia mwenyeji mapema, kwa heshima, saa tutakayoondoka, na tunaomba chakula cha watoto kitangulie kama inawezekana. Bibi yao alihuzunika mwaka wa kwanza, na sikumlaumu, lakini alipoona wajukuu wanamjia asubuhi wakiwa wachangamfu badala ya kulia jioni mapajani mwake, yeye mwenyewe akahamishia mkusanyiko mchana. Tunakubali mwaliko mmoja tu kwa siku, na baada ya siku yenye watu wengi tunabaki nyumbani siku inayofuata bila mpango wowote. Tukilazimika kulala ugenini, tunabeba shuka la nyumbani ambalo halijafuliwa karibuni, ili libaki na harufu wanayoijua, pamoja na kitabu kilekile tunachowasomea kila usiku.

Zawadi pia huingia katika hesabu hii, maana rundo la vitu vipya humchosha mtoto mdogo kuliko tunavyodhani. Sisi hufungua chache kwa siku, na kila kichezeo chenye sauti au taa hukaguliwa kwanza na mtu mzima. Betri zile ndogo za duara, zenye umbo la kifungo, zikimezwa na kukwama kooni zinaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili, kwa hiyo mfuniko wa betri usiofungwa kwa skrubu hautoshi. Kichezeo cha namna hiyo ninakiweka kabatini hata kama aliyekileta yupo.

Mwaka jana, katikati ya sherehe, binti yangu alikuja akanivuta mkono, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, nataka kitabu sasa." Ilikuwa imebaki robo saa kufikia muda wake wa kulala. Niliweka sahani chini, tukaaga watu mmoja mmoja, na mdogo wake alikuwa tayari ameshika viatu vyake mlangoni.