Carina ya Mzee: Kazi Kubwa Ilikuwa Kurudisha Vilivyotolewa

Baba alipoacha kuendesha kwa sababu ya macho, alinikabidhi funguo za Toyota Carina Ti yake pamoja na daftari la sevisi alilokuwa akiliandika kwa mkono wake. Gari la 1998, injini ya 5A, gia otomatiki, rangi ya fedha iliyopauka juu ya boneti, namba B. Kila aliyeliona pale Kimara alinipa ushauri uleule: uza, dada, ongeza hela kidogo, chukua IST. Sikuuza. Huu ni mwaka wa tatu, na wanaoniuliza nimelifanyaje wamekuwa wengi kiasi kwamba nimeona niandike mara moja.

Desemba ya kwanza tulilipeleka Mafinga. Kutoka Dar hadi Ruaha Mbuyuni mshale wa joto ulikaa katikati kwa adabu zote. Tulipoanza kupanda mlima Kitonga nyuma ya lori la mzigo, kiyoyozi kimewashwa, watoto watatu kiti cha nyuma na gunia la mchele kwenye buti, mshale nao ukaanza kupanda na sisi. Nikazima kiyoyozi, nikafungua vioo, nikawasha hita hadi mwisho (ndiyo, hita, kwenye joto lile, inavuta sehemu ya joto la injini na kulileta ndani kwenu), tukatambaa mpaka mahali pa kusimama salama. Tukakaa zaidi ya saa nzima kabla ya kugusa mfuniko wa rejeta. Huo usiufungue maji yakiwa ya moto, hata fundi akikuambia ana kitambaa.

Fundi wa kule juu alifungua nyumba ya termostati (kivalvu kinachoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta), akachungulia, akacheka. "Dada, humu hamna kitu. Ilishatolewa zamani."

Nilirudi Dar nikalipeleka gari kwa fundi mwingine, nikamwomba jambo ambalo hakuwahi kuombwa: asitengeneze chochote kwanza, anioneshe tu kila kitu ambacho Toyota walikiweka na sasa hakipo, au kipo lakini si chenyewe. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kalamu. Termostati haipo. Feni ya rejeta imeungwa direkti, inazunguka tangu unapofungua swichi. Mfuniko wa rejeta si wa gari hili na mpira wake umekatika. Ndani ya rejeta kuna tope la kutu, maana kwa miaka yote limenywa maji ya bomba. Soketi ya sensa ya oksijeni (inayoisaidia injini kupima mafuta ya kuchoma) imechomolewa na kufungwa kwa selotepu. Fyuzi moja ya ampea 10 imebadilishwa ikawekwa ya 30. Orodha ilijaza kurasa mbili.

Hapo ndipo nilipolielewa gari lile. Uzee wake ulikuwa kidogo tu. Kilichokuwa kinalitesa ni matengenezo ya nyuma, kila moja likiwa limefanywa ili gari lifike kesho. Na siwalaumu sana mafundi, kwa sababu baba alikuwa na pensheni na haraka, na ukimwambia fundi "nisaidie nifike", atakufikisha.

Termostati naieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayotolewa kuliko kitu kingine chochote mjini. Utaambiwa ni ya nchi za baridi. Kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi, kwenye nyuzi 80 na ushee. Ila kwenye injini hizi za Toyota za familia ya A ina kazi ya pili: ikifunguka, upande wake mwingine unaziba njia ya mkato inayoyapitisha maji bila kufika kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupoa. Kitabu cha ufundi cha Toyota chenyewe kinaonya usiitoe hata kama injini ina tabia ya kuchemsha. Kwa hiyo mjini gari lilikuwa baridi mno na linakula mafuta, mlimani likachemka. Ugonjwa wote wa pande mbili, dawa ni kitu kimoja kinachoenea kwenye kiganja.

Mfuniko nao usiudharau. Springi yake ndiyo inayoshikilia presha, na maji yakiwa chini ya presha ya bar 0.9 hayachemki mpaka yapite nyuzi 115. Mfuniko uliochoka unakurudisha kwenye 100, kama sufuria ya chai. Niliweka rejeta mpya, termostati, mfuniko wa presha sahihi, mipira yote miwili, na kulenti (maji maalumu ya kupozea injini) badala ya maji ya bomba. Feni ikarudishwa kwenye swichi yake na relei yake.

Baada ya joto nilikwenda kwenye breki, kisha usukani, na mengine yote yakasubiri. Bushi, boli jointi, tairodi, halafu alaimenti (kunyoosha matairi) ikaja mwisho, maana ukipima alaimenti kabla ya kubadilisha bushi umetupa hela.

Injini ilikuwa inamisi (inakatakata), hasa asubuhi. Kwenye daftari la baba plagi zilibadilishwa mara tatu ndani ya miezi kumi na minne. Tulipochomoa waya za plagi, mashimo mawili yalikuwa na oili. Gasketi ya kava la juu na mipira yake ya kuzunguka mashimo ya plagi ilikuwa imekauka kama ganda la muhogo. Plagi zilikuwa zinanunuliwa bure. Mkanda wa taiming nao ulibadilishwa, kwani daftari lilinyamaza kabisa kuuhusu. 5A ina ustaarabu, mkanda ukikatika valvu hazigongani na pistoni, lakini gari litazima palepale ulipo, na ukiwa mbugani Mikumi usiku ustaarabu huo hautakusaidia.

Kuhusu taa ya injini: magari haya ya Japani ya miaka hiyo mara nyingi hayasomeki kwa zile mashine ndogo za kuchomeka chini ya dashibodi. Fundi mwenye uzoefu ataenda chini ya boneti kwenye kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSIS, ataunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, atafungua swichi bila kuwasha injini, kisha atahesabu taa inavyopepesa. Mbili, kimya, moja: ni 21, sensa ya oksijeni. Ishirini na mbili ni joto la maji. Ikipepesa haraka bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Usijaribu kama hujui kusoma majina ya matundu, maana matundu hayafanyi kazi moja. Langu lilitoa 21, bila shaka, kwa heshima ya ile selotepu. Mjini nilikuwa napata kilomita 8 kwa lita. Sasa ni 10 na kitu.

Spea nilinunua Gerezani na Shaurimoyo, na nilijiwekea sheria. Cha mpira, cha breki na cha kupita maji, kipya tu. Mpira wa mtumba umezeeka kama wa kwako, hata kama umefutwa ukang'aa. Chuma, kioo na bodi, mtumba hauna shida: mota ya dirisha, kioo cha pembeni, taa ya nyuma, hata alteneta ukiipima kwanza. Nenda na kile kibovu mkononi, usitaje jina la gari tu. Na tairi uisome ubavuni: tarakimu nne za mwisho baada ya DOT ni wiki na mwaka. 3216 ni wiki ya 32 ya mwaka 2016, hata muuzaji akiapa ni mpya.

Mapambo yakaja baadaye. La kwanza redio. Redio ya Japani ya miaka hiyo inaishia FM 90 wakati stesheni zetu zinakwenda mpaka 108, kwa hiyo baba alisikiliza vituo viwili kwa miaka yote bila kulalamika. Niliweka ya kioo yenye kamera ya nyuma, kwa soketi ya kuunganishia ya Toyota ili waya za gari zisikatwe. Ukimuona fundi ameshika wembe, msimamishe.

La pili nilitaka kuliinua. Mume wangu alileta spesa za shokapu (vipande vya kuinua gari), tukafunga. Miezi michache tu, sivi jointi (kiungo cha ekseli) ya kushoto ikaanza kulia kata-kata kwenye kona, na mpira wake ukachanika, kwa sababu ekseli zilikuwa zinafanya kazi kwa pembe kali kuliko zilivyokusudiwa. Tukazitoa spesa, tukaweka springi na shokapu mpya za kipimo cha kiwandani. Tukashangaa. Gari likasimama juu karibu vilevile. Halikuwa fupi, springi zilikuwa zimelala. Rimu za inchi 17 sikuzigusa; Kimara na mashimo yake nazijua.

Desemba iliyopita tulipanda tena Kitonga nyuma ya lori, kiyoyozi kimewaka. Baba alikaa mbele. Hakusema lolote, ila nilimwona anainamia dashibodi kuutafuta mshale kwa macho yake yale, na kila kona akiniuliza uko wapi.

Kilichobaki ni loki ya mlango wa nyuma kushoto, haifunguki kwa ndani. Fundi wa loki anasema dawa yake ni kuitoa yote. Nimemwambia asubiri kwanza.