Boti ya kulala ya miaka 30: anza na matundu ya chini ya maji, friji ingoje

Mkuu, umesema boti ni ya faibaglasi, imepita miaka 30, ina injini moja ya petroli ya ndani inayopozwa kwa maji ya bahari moja kwa moja, na shafti ya kawaida. Sitaha inabonyea karibu na makiri ya omo (vishikizo vya kufungia kamba mbele ya boti), injini inapanda joto, nawe unawaza betri za lithiamu na friji. Friji ingoje. Kwanza shughulikia kinachoweza kuizamisha boti, kisha kinachoweza kuiunguza, kisha kinachoweza kukuacha katikati ya maji. Starehe ni za mwisho.

Boti ikiwa nchi kavu, kagua kila koki iliyo chini ya mstari wa maji. Kwaruza chuma chake kwa ncha ya kisu. Kikitokea rangi ya waridi badala ya manjano, hiyo ni brasi iliyopoteza zinki yake. Imebaki kama sifongo ya shaba na inaweza kukatika kwa kusukumwa na mkono. Vali za geti, zile za gurudumu, zitoe zote hata kama zinazunguka vizuri: shina hukatika ndani bila wewe kujua, ukadhani umefunga. Weka koki za tufe za bronzi ambazo mkono wake hugeuka robo mzunguko. Hapa wengi hukosea kwenye uzi, yaani mikato ya skrubu. Bomba linalopita kwenye mwili wa boti kwa kawaida lina uzi ulionyooka, na koki nyingi za dukani zina uzi unaochongoka. Ukizilazimisha zitashikana mizunguko miwili au mitatu tu, kisha zitakwama, na utadhani zimekaza. Tafuta koki ya uzi ulionyooka yenye kitako chake, ikae juu ya bamba la faibaglasi lililogundishwa kwa epoksi. Kila hozi ifungwe kwa klipu mbili za stenlesi ya 316, ikiwa shingo ya koki ni ndefu ya kutosha kuzibeba. Klipu ya pili ikining'inia ukingoni itakata hozi. Funga kizibo cha mti laini kwa kamba kando ya kila koki, cha kuzibia tundu koki ikikatika.

Usijipe moyo kwa ukubwa wa pampu ya ngama (inayotoa maji yanayojikusanya chini kabisa ndani ya boti). Tundu la milimita 38 lililo sentimita 60 chini ya mstari wa maji huingiza zaidi ya lita 8,000 kwa saa, na namba iliyoandikwa kwenye pampu ilipimwa bila kupandisha maji wala hozi ndefu. Ndani ya boti utapata karibu nusu yake, au pungufu. Tumia hozi iliyo laini kwa ndani, si ile ya mikunjo, na swichi ya boya iunganishwe na betri kupitia fyuzi yake bila kupita swichi kuu.

Glandi ya shafti (kizuia maji pale shafti inapotoka nje ya boti) ikiwa ya pakingi ya kamba, matone 2 au 3 kwa dakika shafti ikizunguka ni sawa. Kamba ikiwa ngumu, usiendelee kukaza nati, maana utachimba shafti. Toa pete zote za zamani, kata mpya kwa pembe ya nyuzi 45, pishanisha viungo vyake kwa nyuzi 120. Ikipata joto la kukuzuia kuigusa, legeza.

Sasa moto. Injini ya petroli iliyofungiwa chumbani ni jambo jingine kabisa kuliko ya gari. Stata, alteneta na distributa ziwe za boti, zilizozibwa cheche zisitoke. Ya gari itaingia na kufanya kazi vizuri mpaka siku kuna mvuke wa petroli ngamani. Washa feni ya kutoa hewa dakika 4 kabla ya kuwasha injini, na hata hivyo nusa. Hozi za mafuta zikiwa zimepasuka juu au zimekuwa laini, badilisha zote. Usibague.

Kwenye umeme, fyuzi ya kila waya chanya iwe ndani ya sentimita 18 kutoka betri, isipokuwa waya wa stata. Waya uwe wa nyuzi nyingi zilizopakwa bati. Shaba tupu huwa nyeusi ndani ya gamba hadi mbali. Unene usikisie. Pampu ya ampea 10 iliyo mita 6 kutoka betri ina mita 12 za waya kwenda na kurudi. Kwa 2.5 mm² itapoteza karibu volti 0.84, yaani 7% ya volti 12. Kwa 6 mm² utabaki chini ya 3%. Viungo vibanwe kwa koleo la ratcheti, kisha vifunikwe kwa mpira wenye gundi unaosinyaa kwa joto.

Joto la injini: likipanda hata mwendo wa polepole, fungua pampu ya maji utazame impela (gurudumu la mpira lenye mabawa linalosukuma maji). Kama bawa limekatika, litafute mbele, kwenye kipoza oili, ama sivyo utaweka impela mpya na joto libaki palepale. Ipake sabuni au gliserini, si grisi ya petroli, maana huvimbisha mpira. Likipanda mwendo kasi tu, angalia hozi ya kuvuta maji kama inajibana, na chujio.

Lakini ninachokihofia zaidi ni ekzosi. Manifoldi (inayokusanya moshi wa silinda) na kiwiko chake, vya chuma cha kusubu, kwenye maji ya chumvi huhesabiwa miaka 5 hadi 7. Fungua kiungo cha kiwiko: mstari wa kutu ukivuka uso wa gasketi kutoka njia ya maji kwenda njia ya moshi, badilisha. Maji yakiingia kwenye silinda hayabanwi, na fimbo ya pistoni hupinda.

Sitaha: gonga kwa mpini wa bisibisi. Mlio mkavu ni mzima, mlio mfu ni mti uliooza katikati ya ngozi mbili za faibaglasi. Kutoboa vishimo na kudunga epoksi kwenye mti wenye maji ni kupoteza epoksi, haishiki. Kata ngozi ya juu, toa kiini, kausha, weka kipya, na unaporudisha chonga kingo kwa mteremko wa 12 kwa 1. Makiri yenye bolti ya milimita 8 toboa milimita 13, jaza epoksi nzito, toboa tena 8, ziba kwa utepe wa butili (mpira laini unaonata). Silikoni isikaribie hapo.

Hayo yakiisha, lithiamu sawa. Ila alteneta ya zamani itatoa nguvu zake zote kwa saa nzima na kuungua, kwa hiyo iache ichaji betri ya stata, na ya lithiamu ilishwe kupitia chaja ya DC kwa DC (inayochaji betri moja kutoka nyingine kwa kiasi kilichodhibitiwa). Volti zake hukaa karibu 13.2 kwa muda mrefu, hivyo voltimita haitakuambia kilichobaki, weka shanti (kipimo kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka). Na isikae chumba cha injini.